Kukodi Gari na Kujiendesha Unguja: Namna ya Kuamua Kama Kuna Faida

Mgeni anayeteremka botini Malindi akitokea Dar es Salaam, au anayetua kwa ndege akitokea Nairobi au Muscat, hukutana na swali moja kabla hata hajatua begi lake: akodi gari ajiendeshe mwenyewe, achukue gari lenye dereva, au apande daladala pamoja na wenyeji? Mapapasi wa bandarini, yaani madalali wa wageni, wana jibu tayari, na kila mmoja atatoa lile litakalomletea ujira. Mwongozo huu umeandikwa kwa msomaji mwenye leseni na uzoefu wa kuendesha, ambaye atakaa Unguja kati ya siku tatu na wiki moja na anataka kuona kisiwa, wala si hoteli peke yake. Nimekizunguka kisiwa hiki kwa njia zote tatu. Mara ya kwanza nilikodi gari kwa siku tano mfululizo kwa sababu bei ya siku ilinipendeza, na siku mbili kati ya hizo gari lilishinda chini ya mwembe nje ya nyumba ya wageni, mimi nikilipa na kuku wakilalia kivuli chake. Tangu hapo sianzi tena kwa kuuliza bei ya siku. Naanza kwa kuhesabu siku ambazo gari litatembea kweli.

Hatua ya kwanza: Tenganisha safari za barabara na zile za miguu au bahari

Chukua karatasi uigawe katika safu mbili. Katika safu ya kwanza andika kila mahali unapotaka kufika ambapo barabara inakufikisha, na katika safu ya pili andika mahali ambapo gari halina kazi. Watu wengi hushangaa kuona safu ya pili ilivyo ndefu.

Mji Mkongwe wote uko katika safu ya pili. Mji huu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ni wa vichochoro ambamo hata mkokoteni hupishana na watu kwa taabu. Ngome Kongwe, Beit al-Ajaib iliyojengwa mwaka 1883 na kuporomoka sehemu yake Desemba 2020, kanisa la Mkunazini lililosimama palipokuwa na soko la watumwa, soko la Darajani, na chakula cha jioni Forodhani ni mambo ya miguu, na mwenye gari siku hiyo atakuwa na kazi ya ziada ya kutafuta pa kuliegesha. Safari za bahari nazo ni hivyo hivyo. Kisiwa cha Changuu hufikiwa kwa mashua kutoka ufukweni mwa mji, wanaokwenda kisiwa cha Mnemba huondokea Matemwe au Nungwi, na safari za mchana kutwa za mafungu ya mchanga katika Ghuba ya Menai huanzia Fumba. Siku ya namna hiyo gari hukupeleka hadi ufukweni asubuhi, likakungoja hadi jioni.

Safu ya kwanza ndiyo inayostahili kupimwa. Kusini kuna msitu wa Jozani, Kizimkazi, Makunduchi, Jambiani, Paje na Michamvi. Kaskazini kuna magofu ya Mtoni na Maruhubi, hamamu ya Kidichi, Mangapwani, soko la samaki la Mkokotoni, Kendwa na Nungwi. Mashariki kuna Dunga, penye magofu ya kasri la Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, kisha Chwaka, Uroa, Pongwe, Kiwengwa na Matemwe. Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi yako karibu na mji, na ukifika shambani mwenyeji ndiye atakayekutembeza, kwa hiyo nusu siku inatosha.

Kama safu ya kwanza ina mahali pawili au patatu tu, na pote pako upande mmoja wa kisiwa, unaweza kuacha kusoma hapa na kutafuta dereva wa siku moja.

Hatua ya pili: Soma ramani kwa jicho la barabara

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi na upana usiofika kilomita 40, na udogo huo ndio unaowadanganya watu. Mtu huangalia ramani, akaona Michamvi na Chwaka zinatazamana, akapanga kula chakula cha mchana huku na kunywa chai kule. Kati ya vijiji hivyo kuna Ghuba ya Chwaka, na hakuna daraja. Mwenye mashua atavuka. Mwenye gari atalazimika kurudi Paje, apite Jozani hadi karibu na Tunguu, kisha ashike njia ya Dunga kwenda tena mashariki. Safari ya kutupa jiwe kwa macho inageuka kuwa ya zaidi ya saa moja na nusu.

Kwa sababu hiyo, panga siku za gari kwa pande. Kutoka mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60, hadi Paje ni kama 50, na hadi Jozani ni kama 35. Mzunguko mzima wa kusini, yaani Jozani, Kizimkazi, Makunduchi, Jambiani, Paje, Michamvi na kurudi mjini, hauzidi sana kilomita 180. Barabara kuu zina lami, lakini ukizidisha umbali kwa mwendo wa barabara kuu za bara utakosea, kwa kuwa njia hupita katikati ya vijiji, matuta ni mengi, na askari wa usalama barabarani husimamisha magari mara kwa mara. Mimi hukadiria kilomita 40 kwa saa na sijawahi kujuta.

Kanuni yangu ni hii: kusini ni siku moja nzima, kaskazini na mashariki kwa pamoja ni siku moja nyingine. Mtu anayelala pwani kwa siku nyingi na anayetaka kuona kisiwa kwa ukamilifu anahitaji gari kwa siku mbili, na tatu kama ana watoto wadogo na hataki haraka. Zaidi ya hapo ni nadra safu ya kwanza ikadai.

Hatua ya tatu: Panga kwa kufuata maji

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wageni wengi, hata wale wanaotoka pwani ya Mombasa au Tanga na ambao walipaswa kuijua. Pwani ya mashariki ya Unguja ina tambarare pana iliyozingirwa na mwamba, na maji yakipwa hutoweka kwa mamia ya mita, mahali pengine kilomita nzima. Mtu aliyeendesha saa moja na nusu kwenda kuogelea Jambiani anaweza kukuta mchanga, mwani na ngalawa zilizolala ubavu.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hufikia kama mita nne, na katika siku hizo maji ya Unguja hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa alasiri mnamo saa kumi. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, mambo hugeuka: bahari hujaa asubuhi, ila tofauti ya kina ni ndogo. Basi tazama mwezi kabla hujatazama bei. Kama ziara yako imeangukia bamvua, tumia asubuhi kwa msitu na magofu na ufike pwani ya mashariki baada ya adhuhuri. Kama imeangukia maji mafu, unaweza kuanza na bahari.

Kupwa kwa maji nako kuna manufaa yake. Asubuhi ya bamvua ndipo akina mama wa Paje na Jambiani wanapokuwa kwenye mashamba yao ya mwani, na mtu anayezungumza Kiswahili, akisalimia vizuri na kuomba ruhusa kabla ya kutoa simu yake ya kupigia picha, atajifunza katika nusu saa mambo ambayo mtalii wa basi hayapati. Mkahawa uliojengwa juu ya jiwe huko Michamvi Pingwe nao hufikiwa kwa miguu maji yakiwa yamepwa, na kwa mashua yakiwa yamejaa. Kaskazini, Kendwa na Nungwi haziathiriwi sana na kupwa. Huko unaweza kuogelea karibu saa yoyote, jambo ambalo hupunguza haja ya kuwa na gari lako la kukimbizana na maji.

Hapa ndipo faida kubwa ya kujiendesha inapoonekana. Gari lenye dereva mara nyingi huja na ratiba iliyozoeleka, na ziara za pamoja huondoka saa ileile kila siku bila kujali mwezi. Anayejiendesha anaweza kuondoka alfajiri au saa sita, apendavyo. Kama hutatumia uhuru huo, yaani kama utaondoka saa tatu asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni kama wengine wote, basi umenunua kitu ambacho hukukihitaji.

Hatua ya nne: Piga hesabu mbili na uzilinganishe

Bei hubadilika kwa msimu na kwa aina ya gari, kwa hiyo namba ninazotoa hapa ni za mfano tu. Ziondoe na uweke zile utakazopewa. Tuseme kampuni inakodisha gari dogo kwa shilingi 120,000 kwa siku, na kibali cha kuendesha kinagharimu shilingi 30,000 kwa ziara nzima. Mzunguko wa kusini ni kilomita 180. Gari likienda kilomita 10 kwa lita, utatumia lita 18, na lita moja ikiwa shilingi 3,000, mafuta ni shilingi 54,000. Siku ya kwanza itakugharimu 204,000. Tuseme pia kwamba dereva mwenye gari lake amekubali shilingi 200,000 kwa siku nzima, mafuta yakiwa juu yake.

Kwa siku moja, basi, dereva ni nafuu kidogo, na hukulazimika kushika usukani. Kwa siku mbili za kutembea, kujiendesha kunafika 378,000 na dereva 400,000. Tofauti ni ndogo mno kuwa sababu ya uamuzi. Sasa ongeza siku moja ya katikati ambayo utaitumia Mji Mkongwe au baharini. Dereva hutamlipa siku hiyo. Gari la kukodi utalilipia 120,000 zake kama kawaida, na jumla yako itafika 498,000. Ndiyo maana nasema siku ya gari kulala ndiyo inayokula faida yote. Dawa yake ni kupanga siku za gari zifuatane, kisha ulirudishe, hata kama wakala atakushawishi kwamba ukichukua wiki nzima atakupunguzia.

Hesabu inageuka kama mko wanne au watano na mnahama makazi, kwa mfano siku mbili mjini, mbili Paje na mbili Nungwi. Safari za kuhama na mizigo hulipiwa teksi kila moja peke yake, na gari la kukodi linaweza kuzimeza hizo ndani ya siku zake za kutembea. Familia yenye mtoto mchanga, au yenye mzee asiyeweza kubanana, inapata faida ambayo haiandikiki kwa shilingi. Kinyume chake, mtu mmoja au wawili wasio na haraka wasiidharau daladala. Namba 116 huenda Nungwi, 309 Jambiani, 310 Makunduchi, na nauli yake ni ndogo kiasi kwamba hesabu yote niliyoifanya hapo juu inaonekana kama ya matajiri. Udhaifu wake ni muda, na kwamba gari la mwisho la kurudi mjini huondoka mapema. Uliza saa yake ukiwa unateremka, usingoje jioni.

Bei ya mafuta Unguja hutangazwa kila mwezi na mamlaka ya udhibiti, ZURA, kwa hiyo katika kipengele hicho hakuna mtu wa kukudanganya. Sheli ni nyingi karibu na mji na chache kadiri unavyokaribia ncha za kisiwa, hivyo jaza mjini.

Hatua ya tano: Mpime dereva, ambaye ni wewe

Tanzania inaendesha kushoto, kama Kenya na Uganda. Msomaji anayetoka Kongo, Rwanda, Burundi, Oman, Marekani au sehemu kubwa ya Ulaya amezoea kulia, na saa yake ya kwanza barabarani Unguja haipaswi kuwa ile ya kutoka uwanja wa ndege jioni kuelekea Mwanakwerekwe, ambako daladala, pikipiki, baiskeli na wauza matunda wote hugombea njia moja. Kama hujawahi kuendesha kushoto, pokea gari asubuhi, ukianzia kwenye hoteli iliyo nje ya mji ikiwezekana.

Usiku ni suala jingine. Jua huzama mapema mwaka mzima, kuanzia saa kumi na mbili na dakika chache hadi saa moja kasorobo, na giza huingia upesi. Njia nyingi za vijijini hazina taa, magari ya ng'ombe na baiskeli hazina taa, na watoto wanaotoka madrasa hutembea pembezoni mwa lami. Mwezi wa Ramadhani kuna hatari ya pekee katika dakika za mwisho kabla ya magharibi, wakati kila mtu anakimbilia futari. Mpango wowote unaokulazimu kurudi mjini usiku baada ya kutazama jua likizama Michamvi Kae au Kendwa ni mpango wa kulala huko huko, au wa kuchukua dereva.

Kuna pia jambo ambalo halitajwi mara nyingi: anayeendesha haoni. Anaona mashimo, matuta, mbuzi na nambari ya gari lililo mbele yake. Mke wangu ananisimulia mikarafuu na minazi ya njia ya Mahonda kwa namna ambayo inanifanya nishuku kama tulikuwa kwenye gari moja. Kama katika kundi lenu ni mmoja tu mwenye leseni, na ndiye aliyelipia safari, muulizeni kwanza kama anataka kuwa dereva wenu kwa likizo yake.

Kwa upande mwingine, msomaji wa Kiswahili ana mtaji ambao mgeni wa kutoka mbali hana. Akipotea huuliza njia. Akipata njaa huingia kwa mama ntilie akaagiza wali na samaki kwa bei ya wenyeji. Akitaka kuswali husimama msikiti wowote ulio kandokando ya njia. Dereva mwenye kusimulia ana thamani kubwa kwa asiyejua lugha. Kwako wewe thamani hiyo inapungua, na ile ya kusimama popote inaongezeka. Mkokotoni wakati wa mnada wa samaki ni mahali pa kukaa saa nzima, na sijaona ziara ya pamoja inayotoa saa nzima kwa mnada wa samaki.

Hatua ya sita: Karatasi

Mgeni anayetoka nje ya nchi asidhani kwamba leseni ya kwao inatosha. Kwa kawaida hupatiwa kibali cha muda cha kuendesha Zanzibar, ambacho kampuni ya kukodisha humfuatilia akituma mapema nakala ya leseni na pasipoti, na kibali hicho huonyeshwa pamoja na leseni yenyewe kila unaposimamishwa. Kagua tarehe zilizoandikwa: kibali kinachoanza kesho hakikufai leo, na askari atakusomea tarehe hiyo polepole. Anayetoka Bara na aulize kampuni kwa maandishi kile anachotakiwa kubeba, na alihifadhi jibu hilo kwenye simu.

Kuhusu bima, uliza kama gari lina bima kubwa au bima ndogo. Bima ndogo hulipa madhara uliyomfanyia mwingine, na gari ulilokodi likivunjika hasara ni yako wewe. Uliza pia ni kiasi gani utakachotoa mfukoni hata kukiwa na bima kubwa, na kama tairi na vioo vimo. Bima ya msafiri ambayo wageni wa kigeni hutakiwa kuinunua kabla ya kuingia Zanzibar ni kitu kingine kabisa. Usikubali mtu akuambie kwamba ukiwa nayo, gari nalo limekingwa.

Mkataba uwe wa maandishi, uwe na kiasi cha amana, masharti ya kuirudisha, saa ya kurudisha gari, kiwango cha mafuta, na namba ya simu itakayopokelewa usiku. Gari linalotolewa kwa maneno matupu na ndugu wa rafiki wa mtu uliyekutana naye Darajani linaweza kuwa zuri na la bei nafuu, lakini likisimamishwa Kitogani na karatasi zikawa za mtu mwingine, siku yako imekwisha.

Pikipiki na vespa hukodishwa kwa bei ndogo na huvutia vijana. Ukiwa hujaendesha pikipiki kwenu, Unguja si mahali pa kujifunzia: mchanga juu ya lami hauonekani mpaka gurudumu limeteleza.

Hatua ya saba: Likague gari mchana, mkabidhi akiwa mbele yako

Nililipia somo hili. Katika ile ziara ya siku tano nilipokea gari magharibi, kiza kikiwa kinaingia, nikatia saini kwa haraka kwa kuwa watoto walikuwa wamechoka. Siku ya kurudisha nilionyeshwa mkwaruzo mrefu ubavuni ambao nina hakika ulikuwepo, sikuwa na picha hata moja, na sehemu ya amana yangu haikurudi. Sasa napiga video nikilizunguka gari zima, huku nikitaja tarehe na saa kwa sauti, napiga picha ya geji ya mafuta na ya kilomita, kisha namtumia mkabidhi papo hapo ili na yeye awe nayo.

Kagua tairi zote na la akiba, jeki na spana, breki, taa zote, wipa, honi, na kiyoyozi kama umekilipia. Muulize mkabidhi kama gari ni la kuingia mchangani. Njia za mwisho za kwenda kwenye nyumba za wageni za pwani ni za mawe na mchanga, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hugeuka madimbwi. Gari dogo la mjini hukwama pale ambapo Escudo au RAV4 hupita bila kelele. Usipeleke gari lolote ufukweni kwenyewe. Maji yatarudi kabla ya fundi.

Hatua ya nane: Siku yenyewe, kwa mfano wa kusini

Tuchukulie ni siku ya bamvua na mmelala mjini. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya msongamano, mkiwa mmejaza mafuta jana. Jozani ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004. Fikeni mapema, lipeni kiingilio, na mfuateni mhifadhi atakayewatembeza kuwaona kima punju, ambao asili yao ni Unguja tu, na daraja la mbao linalopita mikokoni. Punguzeni mwendo katika kipande hicho cha barabara, kwa kuwa matuta yake yaliwekwa baada ya kima wengi kugongwa.

Kizimkazi Dimbani iwe ya pili. Msikiti wake una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na ungali unaswaliwa. Vaeni kwa staha, ombeni ruhusa, msiingie wakati wa sala kwa ajili ya picha. Wanaotaka kuona pomboo wangelazimika kufika hapa alfajiri, na kwa kusema kweli mashua zinazowafukuza wanyama hao kwa makundi hazinivutii.

Kisha shikeni njia ya Makunduchi, mle Jambiani au Paje baada ya adhuhuri, na maji yatakuwa yanaingia mnapomaliza kula. Ogeleeni hadi saa kumi. Michamvi iongezeni kama tu mnalala upande huo. Kama mnarudi mjini, iacheni, ondokeni Paje saa kumi na robo, na mtafika kabla ya giza. Mwezi Julai, siku za Mwaka Kogwa, Makunduchi hujaa watu na magari tangu asubuhi, kwa hiyo ama iwe ndiyo safari yenyewe ama ibadilisheni siku.

Ukisimamishwa na askari, punguza mwendo mapema, zima redio, salimia, na mpe karatasi zote kwa pamoja. Ukiambiwa una kosa, uliza ni kosa gani na uombe risiti ya serikali. Mwenye karatasi kamili na subira ya dakika tano kwa kawaida huondoka na salamu.

Hatua ya mwisho: Kurudisha

Panga kurudisha gari jioni ya kabla ya kuondoka, wala si asubuhi ya boti. Asiye na muda hana hoja, na mpokeaji anajua saa za boti kuliko wewe. Rudisha likiwa na mafuta uliyolikuta nayo, likiwa limefutwa mchanga, saa ambayo jua bado linaonyesha ubavu wa gari vizuri. Fungua video ile ya siku ya kwanza, mzunguke gari pamoja na mpokeaji, aandike kwenye mkataba kwamba amelipokea bila dosari mpya na atie saini. Ufunguo ubaki mkononi mwako mpaka amana imehesabiwa mbele yako au ujumbe wa kurejeshwa kwake umeingia kwenye simu.